Waridi la jangwani: mwongozo kamili wa kulikuza kwenye chungu bila kuliozesha, tangu mbegu hadi maua

Malalamiko ni yale yale. Mmea ulinunuliwa ukiwa umechanua, miezi michache baadaye shina likalainika kwa chini na mmea mzima ukalala. Au mmea upo hai, una majani ya kijani kibichi yanayong'aa, lakini ua halionekani.

Tatizo la kwanza huletwa na udongo unaoshika maji. La pili huletwa na jua haba, mara nyingi pamoja na mbolea isiyofaa. Ukiyarekebisha haya, waridi la jangwani (Adenium obesum) ni kichaka kivumilivu kinachoweza kuishi miaka mingi na kuchanua mara kadhaa kwa mwaka.

Porini humea katika nchi kavu za Afrika, kuanzia Senegali hadi Ethiopia, Kenya na Tanzania, kati ya mawe na kwenye mchanga. Mvua ikinyesha, maji hupita upesi. Mmea hunywa ya kutosha, huyahifadhi kwenye sehemu nene ya chini ya shina, kisha huishi kwa akiba hiyo hadi mvua nyingine. Sehemu hiyo nene tutaiita kitako. Kitako ni tangi la mmea, na hatua zote zilizo hapa chini zinalenga kulijaza bila kuliozesha.

## Onyo kabla ya kushika kisu

Utomvu wa mmea huu ni sumu. Una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo, na katika sehemu mbalimbali za Afrika wawindaji wameutumia kwenye ncha za mishale. Vaa glavu kila unapokata, usiguse macho wala mdomo, na osha kisu na mikono kwa sabuni ukimaliza. Weka mmea mahali ambapo watoto wadogo, mbuzi na wanyama wa nyumbani hawawezi kuutafuna. Usitupe matawi uliyokata mahali mifugo inapolishia.

## Vifaa

- Chungu cha udongo wa kufinyanga, kipana kuliko kina chake, chenye matundu chini. Kiache nafasi ya sentimita 3 hadi 5 kuzunguka kitako, isizidi hapo.
- Mchanga mkubwa wa mto uliooshwa, au kokoto ndogo za milimita 3 hadi 6. Pamisi au perlaiti (chembe nyepesi za mawe ya volkano) ni bora zaidi ukiipata. Mchanga wa bahari usiutumie, una chumvi.
- Vumbi la makumbi ya nazi, lililolowekwa na kusuuzwa mara mbili au tatu ili kuondoa chumvi.
- Mboji iliyooza kabisa, isiyo na joto wala harufu kali.
- Mkaa uliopondwa vipande vidogo (si lazima, lakini huongeza hewa kwenye udongo).
- Kisu kikali au wembe mpya, mkasi wa kupogolea, na spiriti ya kuvisafishia.
- Glavu za mpira.
- Dawa ya ukungu ya unga, kwa mfano ya salfa au ya shaba.
- Mbolea ya NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) ambayo namba tatu za kwenye kibandiko chake zinalingana au zinakaribiana.

## Hatua ya 1: Amua unaanza na nini

Ukitaka kitako kinene, anza na mbegu. Mche wa mbegu huanza kuvimba chini ndani ya wiki chache. Kipandikizi cha tawi hushika mizizi vizuri, lakini huchukua miaka kabla ya kunenepa, na umbo lake mara nyingi haliwi zuri kama la mche wa mbegu.

Kasoro ya mbegu ni moja: rangi ya maua haiaminiki. Mbegu kutoka mmea wenye maua mekundu sana zinaweza kutoa ya waridi iliyopauka. Anayetaka rangi maalumu hana budi kununua mche uliobebeshwa, yaani kitawi cha mmea wa rangi hiyo kilichounganishwa juu ya mche wa mbegu. Ukinunua mche wa namna hiyo, kagua kiungo chake: kiwe kimefunga pande zote, bila ufa wala doa jeusi. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo livunje mapema, maana litakunyima rangi uliyoinunua.

Kwa kipandikizi, kata tawi la sentimita 15, ondoa majani ya chini, kisha liache kivulini siku 5 hadi 7 mpaka jeraha likauke na kuwa gumu. Ukipanda jeraha bichi, litaoza.

## Hatua ya 2: Changanya udongo, kisha uupime

Hapa ndipo mimea mingi hupotea, kabla hata haijapandwa. Changanya:

- mchanga mkubwa au kokoto ndogo: sehemu 2
- vumbi la makumbi: sehemu 1
- mboji: nusu ya sehemu
- mkaa: nusu ya sehemu

Usiongeze udongo wa shamba, hasa mfinyanzi au udongo mweusi. Chembe zake ndogo huziba nafasi za hewa na mchanganyiko wote hugeuka tope ndani ya miezi michache. Kama mkaa hauna, jaza nafasi yake kwa kokoto.

Pima kabla ya kupanda. Lowesha konzi moja ya mchanganyiko, ibane, kisha fungua kiganja. Ikibaki donge, ongeza mchanga. Ikisambaratika yenyewe, inafaa. Halafu jaza chungu na umwagie maji mengi: yaanze kutoka chini ndani ya sekunde chache, na yasituame juu. Maji yakisimama juu ya udongo huku unayatazama, mmea utaoza hata ukimwagilia kwa uangalifu mkubwa.

Wengi huweka tabaka la mawe makubwa chini ya chungu wakidhani maji yatatoka haraka zaidi. Hayatoki. Maji hukwama juu ya tabaka hilo, pale udongo laini unapokutana na mawe, na mizizi hukaa karibu zaidi na unyevu. Weka kipande kimoja cha kigae au wavu juu ya tundu ili udongo usimwagike, basi.

## Hatua ya 3: Otesha mbegu

Mbegu mbichi ndiyo siri ya kuota vizuri. Zilizovunwa karibuni huota nyingi, zilizokaa mwaka au zaidi hupungua sana. Ukivuna mwenyewe, funga maganda kwa uzi au kitambaa chepesi yanapoanza kukomaa. Yakipasuka bila kufungwa, mbegu huruka na upepo kwa nyuzi zilizo kwenye ncha zake zote mbili.

1. Loweka mbegu kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa 2 hadi 6. Zilizo laini na tupu ukizibonyeza, zitupe.
2. Jaza trei yenye matundu kwa mchanganyiko wa Hatua ya 2 uliochekechwa, bila vipande vikubwa.
3. Lowesha udongo kwanza, uache uchuruzike.
4. Laza mbegu kwa ubavu, umbali wa sentimita 3 hadi 4. Zifunike kwa mchanga wa unene wa milimita 3 hadi 5. Zikizikwa zaidi ya hapo, nyingi hazitoki.
5. Weka mahali penye joto la nyuzi 25 hadi 32 na mwanga mwingi bila jua kali la mchana.
6. Nyunyizia maji kwa matone madogo sana kila sehemu ya juu inapoanza kukauka.

Mbegu nzuri hutokeza kati ya siku ya 3 na ya 10. Kama ulifunika trei kwa plastiki, iondoe mara tu miche inapotokeza.

Kinachoharibika hapa: kinyausi. Mche hunywea usawa wa udongo, huwa mwembamba kama uzi, kisha huanguka. Ni ukungu, na husitawi pale udongo wa juu unapokuwa na majimaji muda wote na hewa imetuama. Ukiona mmoja umeanguka, ung'oe pamoja na udongo unaouzunguka, punguza maji, fungua njia ya hewa, na nyunyizia dawa ya ukungu kwa kipimo cha kibandiko.

Dalili ya mafanikio: kufikia wiki ya 4, mche una kishina kilichotuna chini na majani manne au zaidi yaliyosimama.

Anza kuizoesha miche jua la asubuhi tangu wiki ya 2 na ongeza kidogo kidogo. Miche iliyokaa kivulini hurefuka, hulegea, na kitako chake hakitanuki. Ikifikisha wiki 8 hadi 10, ihamishie kila mmoja kwenye chungu cha upana wa sentimita 8 hadi 10.

## Hatua ya 4: Panda kwenye chungu

Ukiweza, epuka kupanda msimu wa baridi au wa mvua ndefu unapokaribia: mizizi iliyojeruhiwa hupona haraka kwenye joto na ukavu.

Toa mmea, kagua mizizi, na ukate yote iliyovunjika au yenye rangi ya kahawia kwa kisu kilichofutwa spiriti. Uache kivulini siku 2 au 3 majeraha yakauke. Panda huku sehemu ya juu ya kitako ikiwa nje. Kitako kilichozikwa chote huoza kwa urahisi na hutafurahia umbo lake.

Usimwagilie siku hiyo. Ngoja siku 5 hadi 7. Ushauri huu huwatia watu wasiwasi kuliko wowote, lakini mmea una akiba yake, na jeraha bichi la mzizi kwenye udongo wa majimaji ndilo mlango wa kuoza.

Chungu kikubwa kupita kiasi ni kosa lile lile kwa sura nyingine: udongo mwingi usio na mizizi hubaki na unyevu kwa siku nyingi.

## Hatua ya 5: Jua

Saa 6 za jua la moja kwa moja kila siku ndicho kiwango cha chini cha kupata maua. Nane ni bora. Dirishani ndani ya nyumba, mmea utaishi lakini utachanua kwa shida au usichanue kabisa.

Mmea uliotoka kivulini usiuhamishie ghafla kwenye jua la saa sita mchana. Uzoeshe kwa siku 10 hadi 14, ukianza na jua la asubuhi. Kitako nacho huungua: doa jeupe au la kahawia hafifu upande unaopigwa na jua, ambalo baadaye hukauka na kupasuka. Ukihamisha mmea, upande uliokuwa umezoea jua uendelee kulitazama jua.

## Hatua ya 6: Maji

Hakuna ratiba ya "mara mbili kwa wiki" inayofaa kila mahali. Chungu, joto, upepo na ukubwa wa mmea hubadilisha kila kitu. Kuna njia tatu za kujua, na zitumie pamoja.

Kijiti. Chomeka kijiti kikavu hadi sentimita 5 au zaidi, kiache dakika chache. Kikitoka na chembe zenye unyevu, subiri.

Uzito. Inua chungu mara baada ya kumwagilia, kisha kila baada ya siku mbili. Utaujua upesi uzito wa chungu kikavu.

Kubonyeza kitako. Hii ndiyo ya maana kuliko zote, na ndiyo inayowaponza wengi kwa sababu dalili moja ina maana mbili:

- Kitako ni kigumu: mmea una maji ya kutosha.
- Kitako kimelegea na udongo ni mkavu: mmea una kiu. Mwagilia.
- Kitako kimelegea na udongo una unyevu: mizizi imeoza. Usimwagilie hata tone. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kuokoa mmea.

Watu huona kitako kimelegea, huongeza maji bila kugusa udongo, na mmea ambao ungeokolewa hufa ndani ya siku chache.

Unapomwagilia, mwagilia kwa wingi hadi maji yatoke chini, kisha acha udongo ukauke kabisa. Kikombe kidogo kila siku hulowesha juu tu na kuiacha mizizi ya chini bila kitu. Kisahani kinachohifadhi maji chini ya chungu kiondoe.

Katika mvua za mfululizo, sogeza chungu chini ya ukingo wa paa mahali jua bado linafika. Kama ni kizito mno, kiinamishe kwa ubavu juu ya tofali ili maji yasiingie mengi. Mmea uliopandwa ardhini uwe juu ya tuta la mchanganyiko ule ule lililoinuka sentimita 30.

Joto likishuka chini ya nyuzi 15, mmea husimama kukua na hudondosha majani. Huo si ugonjwa. Punguza maji hadi mara moja kwa wiki 3 au 4, na acha mbolea. Chini ya nyuzi 10 uingize ndani, kwa kuwa baridi hiyo huua ncha za matawi na hatimaye kitako.

## Hatua ya 7: Mbolea

Naitrojeni nyingi hutoa matawi marefu, majani makubwa, kitako laini na maua machache. Ndiyo maana mimea inayowekewa samadi mbichi au yurea hupendeza kwa majani tu.

Tumia NPK yenye namba zinazolingana, nusu ya kipimo cha kibandiko, kila baada ya wiki 3 wakati mmea unakua. Weka kwenye udongo uliokwisha loweshwa. Mbolea kwenye mizizi mikavu huichoma. Tabaka jeupe likijitokeza juu ya udongo au kwenye kuta za chungu, hiyo ni chumvi ya mbolea: pitisha maji safi mengi, kama mara tatu ya ujazo wa chungu, kisha pumzisha mbolea kwa mwezi mmoja. Mche wa chini ya miezi miwili hauhitaji mbolea.

## Hatua ya 8: Kupogoa ili upate maua mengi

Maua hutoka kwenye ncha za matawi machanga. Tawi moja refu lina ncha moja. Likikatwa, hutoa machipukizi mawili hadi manne, na kila moja litakuwa na ncha yake.

Pogoa mwanzoni mwa msimu wa joto, mmea unapoanza kutoa majani mapya. Chagua siku ambazo hakuna dalili ya mvua.

1. Futa mkasi kwa spiriti, na urudie kila unapohamia mmea mwingine.
2. Bakiza sentimita 5 hadi 8 za kila tawi, ukikata kwa mshazari juu kidogo ya jicho linalotazama nje.
3. Panguza utomvu kwa kitambaa chenye maji, kisha paka dawa ya ukungu ya unga kwenye jeraha.
4. Usiruhusu maji kugusa majeraha kwa siku 4 au 5.

Machipukizi huonekana baada ya wiki 2 hadi 4. Matumba ya maua hufuata kwa kawaida baada ya miezi miwili au mitatu. Mmea dhaifu au uliotoka kuugua usiupogoe wote kwa mara moja. Majani yake ndiyo yanayoulisha.

Mmea wa mbegu huchanua mara ya kwanza ukiwa na umri wa mwaka mmoja hadi miwili. Kabla ya hapo usiulaumu.

## Hatua ya 9: Badilisha chungu na uinue kitako

Kila baada ya miaka miwili toa mmea, kung'uta udongo wote wa zamani na suuza mizizi. Kata mizizi myembamba iliyo chini kabisa, ubakize ile minene inayokwenda pembeni. Kausha kivulini siku 3 hadi 7, kisha panda huku kitako kikiinuka sentimita 2 au 3 kuliko mwanzo. Taratibu mizizi minene hutokeza juu na kuupa mmea umbo linalotafutwa na wapenzi wake.

Ngozi hiyo mpya haijawahi kuona jua. Ifunike kwa kitambaa chepesi au uweke mmea kwenye kivuli hafifu kwa wiki mbili. Maji ya kwanza, kama awali, baada ya siku 5 hadi 7.

## Wadudu

Utitiri mwekundu ndio msumbufu mkuu wakati wa kiangazi. Majani hupoteza rangi kwa vidoti vidogo, huwa ya manjano, na kwa chini huwa na utando mwembamba. Osha upande wa chini wa majani kwa maji ya nguvu mara mbili kwa wiki.

Vidung'ata, wenye unga mweupe kama pamba, hujificha kwenye makwapa ya majani na hata kwenye mizizi. Wachache wafute kwa pamba yenye spiriti. Vidukari vya manjano hung'ang'ania matumba, nayo huanguka kabla ya kufunguka. Kwa hao wote, maji ya sabuni husaidia: mililita 5 hadi 10 za sabuni ya maji kwa lita moja, jioni, kila baada ya siku 5 hadi wamalizike. Usinyunyizie jua likiwa kali.

Ukikuta majani yameliwa hadi shina kwa usiku mmoja, tafuta viwavi wakubwa wa nondo na uwaokote kwa mkono.

## Kuokoa mmea ulioanza kuoza

Fanya siku ile ile uliyogundua.

1. Ng'oa mmea, osha udongo wote.
2. Kata sehemu laini kwa kisu kilichofutwa spiriti. Endelea hadi uone nyama nyeupe na ngumu pande zote. Kitone cha kahawia kikibaki, uozo utaendelea, kwa hiyo usione huruma.
3. Futa kisu kwa spiriti baada ya kila mkato.
4. Paka dawa ya ukungu kwenye jeraha lote.
5. Ning'iniza mmea kichwa chini kivulini, mahali penye hewa, kwa wiki 1 hadi 2, hadi jeraha liwe gumu na kavu kabisa.
6. Panda kwenye mchanganyiko mpya ulio mkavu. Udongo wa zamani utupe, na chungu ukisugue kwa maji ya moto na sabuni.
7. Ngoja wiki nzima kabla ya kumwagilia kidogo.

Majani yataanguka yote, na kitako kitasinyaa. Usikijaze maji kwa sababu hiyo. Majani mapya yakichomoza, mizizi imeanza kufanya kazi na unaweza kurudi kwenye Hatua ya 6.

Kama uozo umekimaliza kitako na kupanda hadi kwenye matawi, kata ncha za juu kabisa na utazame katikati ya kila mkato. Zenye moyo mweupe zikaushe na uzipande kama vipandikizi. Zenye doa katikati, hata dogo, punguza tena kuelekea juu mpaka doa liishe.